TAHADHARI: Bikoni mbili za uongo na sentensi moja kwenye mkataba

Ndugu zangu mnaotafuta viwanja upande wa Chanika, Dar es Salaam, someni hii kabla hamjatoa hela.

Mwaka jana nilinunua kiwanja kilichotangazwa kuwa "kimepimwa, bikoni zipo, mita za mraba 720". Muuzaji alinitembeza pembe zote nne, nyasi zikiwa zimefika kiunoni. Kila pembe ina jiwe la zege na chuma katikati, ndiyo bikoni, alama ya mpaka. Nikapiga picha, nikaridhika, nikalipa kwa hesabu ya mita ya mraba.

Nilipoanza kuchimba msingi, jirani wa kulia, mama mtu mzima, alikuja akasimama pembeni ya mtaro. Akasema, "Mwanangu, hilo jiwe mwezi wa Ramadhani halikuwepo hapo."

Nikamtafuta mpima ardhi aliyesajiliwa. Akafuatilia ramani ya upimaji kwa namba ya kiwanja, akaja na mashine yake. Alama ikaangukia mita nne ndani ya pale nilipoonyeshwa. Tukachimba kwa jembe, na chini kidogo tukakuta kitako cha zege la zamani, limepasuliwa, chuma kimekatwa. Ndipo nikalitazama vizuri lile nililouziwa: saruji bado nyeupe, udongo unaolizunguka tifutifu, namba imechorwa kwa msumari. Na mwenzake wa nyuma, upande uleule, vivyo hivyo. Kiwanja changu ni 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Zile 120 za ziada ni za yule mama, na msingi wangu umepita juu ya eneo hilo.

Nikamrudia muuzaji. Hakubisha. Alifungua mkataba, akaweka kidole: "Mnunuzi amekagua eneo na ameridhika na mipaka yake." Chini yake sahihi yangu. Kwa maneno yake, bikoni ni kazi ya mnunuzi akishakabidhiwa.

Sentensi hiyo msiisaini kabla mpima wenu, si wa muuzaji, hajasimama kwenye kila pembe. Mkataba useme muuzaji ataonyesha bikoni zote kwa namba zake, mbele ya mpima na majirani wa pande zote, nao majirani watie sahihi. Isiyoonekana, gharama ya kuirudishia ni ya muuzaji. Eneo likipungua, arudishe hela kwa bei ileile ya mita. Na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwenu mpaka hayo yakamilike. Mimi nililipa yote siku moja, hilo linaniuma mpaka leo.

Msidanganyike na karatasi pia. Niliyopewa kama "ramani" ilikuwa kopi ya mchoro wa mipango miji, ambao ni mpango tu. Ramani ya upimaji iliyoidhinishwa ndiyo yenye namba za bikoni, koodineti zake (namba zinazoonyesha mahali kila bikoni ilipo) na urefu wa kila upande. Ulizeni ofisi ya ardhi ya halmashauri. Muhuri wa serikali ya mtaa nao unashuhudia mauziano, haupimi mpaka.

Kwa viwanja visivyopimwa, angalieni "ishirini kwa ishirini". Ulizeni ni mita au hatua, tena hatua za nani. Hatua 20 za mtu mfupi zinaweza kuwa mita 15, na 15 kwa 15 ni mita za mraba 225, si 400. Nendeni na futi kamba yenu.

Kung'oa au kuhamisha jiwe la upimaji ni kosa la jinai, na nimesharipoti polisi. Madai ya hela tulianzia baraza la kata, ambalo siku hizi linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Hatukuelewana, sasa nipo baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Katika mstari ule vimebaki viwanja vinne, na bado vinauzwa. Mkipelekwa huko mkaambiwa msishuke kwenye gari kwa sababu ya tope, shukeni. Kashikeni jiwe kwa mkono, fukueni udongo wa pembeni, halafu mwiteni jirani.