Sanamu ya Kentrosaurus madukani Tabora: kagua bega kabla ya kulipa

Kwenye maduka ya vifaa vya shule hapa Tabora mjini inauzwa sanamu ya plastiki ya dinosaria mwenye miiba, urefu sentimita 18. Boksi linasema ni Stegosaurus, dinosaria wa Marekani. Si kweli. Huyo ni Kentrosaurus aethiopicus, mnyama wetu, aliyefukuliwa Tendaguru mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913 na kupewa jina na mtaalamu wa visukuku Mjerumani, Edwin Hennig, mwaka 1915. Inasikitisha mtoto wa Kitanzania kufundishwa kwamba ni wa Marekani.

Mtazame mgongoni. Stegosaurus ana mabamba mapana ya mfupa, yamepishana hadi mkiani, na miiba minne mwishoni. Kentrosaurus mabamba yake ni madogo, yamekaa jozi jozi kuanzia shingoni. Yakifika katikati ya mgongo yanazidi kuwa membamba, halafu nyonga na mkia ni miiba mitupu. Hapa mtengenezaji amepatia kabisa, hata ile jozi ya katikati, ambayo si bamba wala mwiba.

Shida iko begani. Kila upande panatakiwa mwiba mrefu ulioelekea nyuma, lakini rafu moja huchanganya matoleo mawili, na lile la zamani limeuweka nyongani. Ndivyo mifupa iliyoko makumbusho ya Berlin, Ujerumani, ilivyounganishwa mwanzoni. Baadaye China walipatikana jamaa zake wakiwa na mwiba huo begani, ikabidi uhamishwe. Chukua lenye mwiba begani.

Kwa uainishaji yumo Ornithischia, walaji majani ambao mfupa wa kinena umelala kuelekea nyuma. Ndani yake Thyreophora, wenye deraya, kisha Stegosauria, wenye mabamba na miiba mgongoni. Kwa hiyo meno makali yaliyochongwa mbele ya mdomo ni kosa baya: mbele palikuwa na mdomo mgumu kama wa kasa, na vijino vidogo vya kukatia majani vilikaa pembeni. Miguu ya nyuma nayo imepewa vidole vitano badala ya vitatu.

Kipimo kiko sawa: zidisha kwa 25, unapata mita 4.5. Ila usimpange na Giraffatitan, dinosaria mwenye shingo ndefu anayeuzwa naye, ambaye sanamu yake ina kimo cha sentimita 20. Mifupa yake iliyoko Berlin inasimama mita 13.27, kwa kipimo hiki angefika sentimita 53.

Bei ya shilingi 15,000 ni halali. Miiba ya mkia imebandikwa kwa gundi hafifu, ikikaa dirishani juani inabanduka. Kwangua gundi ya zamani kwa wembe, piga msasa kidogo pande zote mbili, tia tone moja la gundi ya kukauka haraka na ushikilie mpaka ishike. Mwiba uelekee nyuma na nje, usiusimamishe wima.