Chasisi ya AM14U katika gwaride la mji: tathmini ya mzazi aliyetembea kando yake

Chasisi ninayoitathmini hapa, yaani fremu yenye magurudumu inayobeba roboti, ni AM14U ya kampuni ya AndyMark iliyoko Kokomo, Indiana, ile ambayo timu nyingi za wanafunzi wa sekondari wanaoshiriki FIRST Robotics Competition, mashindano ya kujenga na kuendesha roboti, huikuta ndani ya vifaa vya kuanzia msimu. Ubora wake uwanjani umekwisha kuelezwa na wengi tangu ilipoanza kutolewa mwaka 2014, na sina jipya la kuongeza huko. Mimi nataka kuipima kwa kazi ambayo mtengenezaji hakumwahidi mtu yeyote, yaani kutembea juu ya lami katika gwaride la tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, mbele ya watu wa mji mzima, ikiongozwa na watoto wetu. Wazazi wengi tunaozungumza Kiswahili huku New Hampshire na majimbo jirani tuna watoto katika timu hizi, na kila kiangazi kinapokaribia walezi wa timu hutuma ujumbe wa kuomba wasaidizi wa gwaride, nasi tunakubali bila kujua hasa tunaombwa nini. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa kazi hii sijaona chasisi inayoishinda, mradi ibadilishwe mambo machache ambayo nitayaeleza.

Roboti katika gwaride si jambo geni katika jimbo hili. FIRST, shirika linaloendesha mashindano haya, ilianzishwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989 hapa hapa Manchester, na mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule ya mji huo, zikiwa timu 28 tu. Ada ya kushiriki msimu mmoja sasa inazidi dola 5,000, na fedha hizo kwa kawaida hutoka kwa wadhamini wa karibu: duka la vifaa vya ujenzi, benki, daktari wa meno. Gwaride ndiyo siku ambayo wadhamini hao, ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga uwanja wa mashindano, wanaona walicholipia. Tena tuzo ya heshima kubwa kuliko zote katika mashindano haya, Impact Award, hutolewa kwa kile ambacho timu imeifanyia jamii yake, wala haitazami roboti ilifunga pointi ngapi. Kwa hiyo mtoto anayesukuma mkokoteni juani mwezi wa Julai yumo ndani ya shughuli halisi ya timu yake, na mzazi asidhani kwamba anapotezewa muda.

Mwaka uliotangulia timu yetu ilipeleka roboti yake ya mashindano, yenye magurudumu manne ambayo kila moja lina mota mbili, moja ya kusukuma na nyingine ya kugeuza. Ni mfumo mzuri ajabu juu ya zulia la uwanja wa mashindano, kwa kuwa roboti inaweza kwenda upande wowote bila kugeuza uso. Barabarani ulitushinda kabla ya nusu ya njia. Hatukuwa tumeziba gia zake kwa chini, mchanga uliobaki kando ya barabara tangu majira ya baridi ukaingia, gurudumu moja likakataa kugeuka, na roboti ikaanza kuzunguka mahali pamoja huku bendi ya shule ikitusubiri nyuma. Kosa lilikuwa letu kabisa. Wavulana wanne waliibeba hadi kwenye gari, na msichana aliyekuwa akiiendesha alilia, nami sikuwa na la kumwambia. Jioni ile ndipo mlezi mmoja alipokumbuka kwamba kabatini mwa karakana kulikuwa na chasisi ya AM14U ambayo haijawahi kufunguliwa.

Ukiifungua utakuta reli za alumini zenye matundu mengi yaliyokwisha kutobolewa, magurudumu sita ya inchi 6, mikanda ya meno inayounganisha magurudumu ya kila upande, na giaboksi mbili. Reli hizo zinaweza kukatwa ili chasisi iwe ndefu au iwe ya mraba. Sisi tuliiacha ndefu, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo kwa ajili ya barabara. Vijana watano, wawili kati yao wakiwa wa mwaka wa kwanza, waliikamilisha kwa siku mbili za jioni kwa kutumia spana, funguo za pembe sita na msumeno wa chuma. Mwanangu, ambaye alikuwa bado hajaruhusiwa kugusa mashine ya kuchonga, alifunga upande mzima wa kushoto peke yake, kisha mlezi akapita na kukaza nati moja tu. Sifa hii naiweka juu ya nyingine zote. Chasisi ya gwaride inapaswa kuwa kitu ambacho watoto wadogo wa timu wanaweza kukijenga wenyewe na kukielewa chote, ili mtu akiwauliza barabarani inafanyaje kazi, wajibu bila kumtafuta kaka au dada aliyetangulia.

Magurudumu mawili ya katikati yamewekwa chini kidogo kuliko yale ya mbele na nyuma, ili roboti inapogeuka isiburuze magurudumu yote sita kwa nguvu moja. Zuliani huoni tofauti hiyo. Kwenye lami unaiona kila mara roboti inapoanza mwendo au kusimama, kwani inainamia mbele kisha inarudi nyuma kama mtu anayesinzia kitini, na ukiwa umeiwekea bendera ndefu, kule juu bendera inayumba sana. Dawa yake imo katika programu. Vijana wetu wanaandika kwa Java, na waliweka kikomo ili mwendo uongezeke na kupungua polepole hata kama dereva amesukuma kidhibiti ghafla.

Mwendo wenyewe unahitaji hesabu kidogo. Giaboksi tuliyotumia hupunguza mzunguko kwa uwiano wa 10.71 kwa 1. Mota za umeme tulizotumia, za aina iitwayo CIM, zisipobeba mzigo huzunguka karibu mara 5,300 kwa dakika, hivyo gurudumu la inchi 6 lina uwezo wa kuikimbiza roboti hadi karibu mita nne kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mtu anayekimbia kwa bidii, na mbele ya watoto waliokaa ukingoni mwa barabara wakisubiri peremende ni hatari isiyo na sababu yoyote. Gwaride hutembea kwa mita moja na kitu kwa sekunde, na mara nyingi husimama. Tuliifunga programu isizidi theluthi ya uwezo, na baada ya kuitembeza mara kadhaa kwenye maegesho ya shule tukaona inatosha hata kwenye kilima kidogo kilicho mbele ya maktaba. Mota za CIM ni za kizamani na nzito, kila moja ikiwa na zaidi ya kilo moja, lakini uzito huo ulitusaidia, kwa sababu chuma kingi huchukua muda mrefu kupata joto, na mwendo wa polepole wa muda mrefu ndio unaochosha mota ndogo za kisasa.

Betri nayo imekusudiwa kazi nyingine. Mchezo mmoja wa mashindano haya huchukua kama dakika mbili na nusu tu, na baada ya kila mchezo betri hubadilishwa. Njia yetu ya gwaride ilikuwa ya karibu kilomita mbili, na pamoja na kusimama ilituchukua zaidi ya saa moja. Betri ni ya volti 12 na uwezo wa saa-ampea 18, na ina uzito wa karibu kilo sita. Tulibeba tatu na tukatumia mbili. Kubadilisha kulichukua chini ya dakika moja kwa sababu tulikuwa tumeweka kisanduku cha betri nyuma, nje kabisa, badala ya kuizika katikati kama ilivyo katika roboti ya mashindano, tena tulikuwa tumefanya mazoezi. Timu inayosoma haya isidharau mazoezi hayo. Umati unapokutazama, hata plagi uliyoifungua mara mia moja hukataa kutoka.

Jambo lililonitia wasiwasi kuliko yote lilikuwa mawasiliano kati ya kompyuta ya dereva na roboti. Kwa kawaida huwa ni ya redio, na mfumo umepangwa ili mawasiliano yakikatika roboti ijizime. Mpango huo ni wa usalama na siupingi hata kidogo. Lakini katika barabara iliyojaa maelfu ya simu, inawezekana roboti ikajizima kila hatua chache na gwaride zima likasimama. Tuliamua kuachana na redio na kutumia waya wa mtandao wa mita tano, huku kompyuta ikiwa imefungwa kwenye mkokoteni mdogo unaosukumwa nyuma ya roboti, na dereva akitembea kando ya mkokoteni na kidhibiti mkononi. Mtoto mwingine alipewa kazi moja tu, kushika waya usikanyagwe. Mimi na mzazi mwenzangu tulitembea kila mtu upande wake, karibu na swichi kuu nyekundu ambayo tuliihamishia juu ya mlingoti mfupi ili mtu mzima aifikie bila kuinama. Waya ule haupendezi kwenye picha, na kijana mmoja alinung'unika kwamba watu watadhani roboti haina akili. Hata hivyo mwendo haukukatika hata mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Bampa za mashindano, zile za mbao zilizofungwa maboya ya sponji na kuvishwa kitambaa, tuliziacha mahali pake. Zina namba ya timu kwa maandishi makubwa, na zaidi ya hapo ni laini, hivyo mtoto akikimbilia mbele atagongana na sponji badala ya ncha ya alumini. Wazazi wengine walipendekeza tuongeze mzinga wa hewa wa kurusha fulana, kama zinavyofanya timu nyingi. Nilipinga, na ningepinga tena. Tangi la hewa iliyoshindiliwa linataka mtu mwenye ujuzi asimame karibu nalo wakati wote, na mdomo wa mzinga unaoelekezwa kwa watu haupendezi katika mji ambao baadhi ya familia zake zimekimbia vita. Badala yake vijana walitengeneza ubao wa mbao wenye majina ya wadhamini wote, wakauweka juu ya chasisi pamoja na mkono rahisi unaopunga bendera.

Mkono ule ulikuwa na mota moja na bawaba mbili, na ndio uliowafurahisha watu kuliko chochote. Karibu na kanisa la kona alikuwepo bibi mmoja aliyewahi kuishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, ameketi kwenye kiti cha kukunja pamoja na wajukuu wake. Gwaride lilikuwa limesimama. Dereva wetu, msichana yuleyule aliyelia mwaka uliotangulia, alimwona akasogea, akamwamkia, "Shikamoo bibi." Bibi akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," kisha akaionyesha roboti kwa fimbo yake na kuuliza, "Hii ndiyo iliyokuwa ikikuchelewesha kurudi nyumbani usiku?" Msichana akasema ndiyo, akabonyeza kitufe, na mkono ukampungia bibi bendera. Bibi akainuka, akaupungia na yeye. Kwa muda ule mfupi sikukumbuka waya wala betri.

Mipaka ya chasisi hii barabarani inatokana na ukweli kwamba ilibuniwa kwa uwanja tambarare wenye zulia. Haina springi, kwa hiyo kila ufa wa lami hupanda moja kwa moja hadi kwenye ubao wa umeme. Tulipofika mwisho, viunganishi viwili vya waya vilikuwa vimeanza kulegea, na mwakani tutavifunga kwa vibanio vya plastiki kabla ya kuondoka. Tumbo lake liko chini sana. Vifuniko vya chemba vinavyochomoza na kingo za njia ya miguu lazima vikwepwe, na ni vyema mtu mzima akaipita njia yote kwa miguu siku moja kabla. Haina kinga yoyote dhidi ya mvua. Sisi tulibeba turubai na hatukulihitaji, lakini kama mawingu yangekuwa mazito nisingeruhusu roboti itoke. Pia ukiijumlisha na betri, bampa na ubao wa matangazo, haibebeki na mtoto mmoja, kwa hiyo panga mapema gari lenye sakafu ya chini au mbao mbili za kuipandishia.

Mpira wa magurudumu ndio uliolipa gharama ya siku ile. Ile mistari iliyochongwa kwa ajili ya kushika zulia ilikuwa imelainika, hasa kwenye magurudumu mawili ya katikati ambayo hubeba uzito mwingi. Jumamosi iliyofuata wale wa mwaka wa kwanza waliigeuza chasisi juu chini mezani, wakapuliza mchanga, wakakaza nati zote, kisha wakapima kila gurudumu na kuandika vipimo kwa chaki ndani ya reli. Yale ya katikati yatabadilishwa. Yale ya pembeni yana uwezo wa gwaride jingine moja, labda mawili, na mikanda yote minne haikuwa na jino lililolika.