Basi linalojua kusema basi

Wiki mbili zilizopita nilipanda basi la asubuhi kutoka Tabora kwenda Kigoma, na limenifurahisha kiasi kwamba nimeona niwaandikie wasafiri wenzangu. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu ninayemsifu zaidi ni konda, na makonda huhamishwa gari hadi gari. Alama zake ni hizi: rangi ya bluu bahari, kioo cha nyuma kimeandikwa Tutafika, viti ni mbili kwa mbili, na linatoka stendi ya Tabora saa 12 asubuhi. Ukiliona, panda.

Mimi ni mkalimani. Naishi Mwanga, Kigoma, na kazi yangu ni kusimama kati ya watu wa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili wasioelewana. Mama yangu yuko Isevya, Tabora, na kila baada ya miezi miwili naenda kumtazama. Njia hiyo naijua: Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, daraja la Malagarasi, Uvinza, Kidahwe, nyumbani. Ni zaidi ya kilomita 400, na nimeshazipita nikiwa nimekaa, nimesimama, na hata nikiwa nimepakata mtoto nisiyemjua.

Tulitoka saa 12 na dakika 10. Dakika kumi hizo zilikuwa za kumsubiri mzee mmoja aliyekuwa akiagana na wajukuu, na konda alituomba radhi sote kwa sauti. Mizigo ya buti ilifungwa karatasi zenye namba, na nusu ya karatasi ukapewa wewe. Mama alikuwa amenipa dumu la asali la lita tano. Konda aliligeuza, akaona mfuniko unavuja kidogo, akaniomba kanga kuukuu, akaufunga mwenyewe na kulisimamisha dumu kwenye kona ya buti kati ya magunia mawili. Ameipata wapi adabu hiyo sijui, lakini asali ilifika Kigoma bila kudondoka hata tone.

Nguruka ndipo nilipomwelewa vizuri. Basi lilisimama kushusha watu wawili, na hapo hapo wakapanda wawili waliokuwa wamekata tiketi. Nyuma yao akaja dada mmoja ana mtoto mgongoni na kiroba cha mchele kichwani. Nilikuwa kiti cha tatu, nikasikia kila neno.

"Kaka, nipandishe basi."

"Dada, basi limejaa."

"Nitasimama tu, siendi mbali. Uvinza hapo."

"Viti vimeisha, basi."

"Basi mimi nifanyeje na huyu mtoto?"

Konda akashuka kabisa. Akapiga simu, akaongea na mtu wa gari lililokuwa nyuma yetu, akamuuliza ana viti vingapi. Kisha akakipokea kile kiroba kutoka kichwani, akakiweka chini ya mwembe. "Kaa hapa kivulini. Nusu saa tu. Nimemwambia akusimamie."

"Haya basi. Asante, kaka."

Neno moja, mara tano, na hakuna mara mbili zilizofanana. Kwenye "nipandishe basi" lilikuwa mkono wa kubembeleza. Kwenye "limejaa" lilikuwa chuma na matairi. Kwenye "vimeisha, basi" lilikuwa mlango unaofungwa. Likaja la nne, ambalo ni "kama mambo ndiyo hayo", na la mwisho likawa la mtu aliyekubali bila kinyongo. Mswahili hahitaji kufundishwa hayo. Mimi ninayelipwa kuyahamisha maneno haya kwenda lugha nyingine ndiye ninayehangaika nayo.

Kirundi kimezigawa kazi hizo. La kutosha ni "birahagije", na la kuendeleza maneno ni "rero". Kifaransa nacho kina "ça suffit" upande mmoja na "alors" au "donc" upande wa pili. Miaka ya nyuma, katika ofisi moja, nilimkalimania mama aliyekuwa akieleza alivyopotezana na familia yake. Alisema: "Mume wangu alipoondoka siku ile, basi." Nikatamka "alors" kwa yule afisa, wote wawili tukamtazama yule mama tukisubiri aendelee. Naye akatutazama. Alikuwa amemaliza. Niliirekebisha tafsiri, nikamwomba radhi, lakini ukimya ule ninao mpaka leo. Tangu hapo, nikisikia basi mwishoni mwa sentensi, nasubiri pumzi moja kabla sijafungua mdomo.

Basi hili la kutosha asili yake ni Uajemi. Waajemi husema "bas", inatosha. Wahindi wanalo vile vile. Waarabu wa mitaani, kuanzia Misri hadi Omani, wanalo, na Mmisri hulitumia hata kwa "lakini" na kwa "tu". Ukilitafuta ndani ya Qur'ani hulikuti. Pale kutosha ni "hasb", lile tunalolisema kwenye Hasbunallahu. Hili letu ni neno la sokoni na la jahazini, na lilipofika pwani tukaliongezea i, maana ulimi wetu haupendi kuliacha neno likining'inia. Halafu tukalipa kazi ambayo mimi naiona ya ajabu: bibi akisimulia hadithi husema "Basi, siku moja sungura akaenda kwa fisi." Neno la kusimamisha ndilo linaloisukuma hadithi mbele.

Lile la matairi ni ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1826, katika mji wa Nantes, Ufaransa, bwana mmoja aitwaye Stanislas Baudry alikuwa na nyumba ya kuogea maji ya moto nje ya mji, na akaweka gari la farasi kuwapeleka wateja. Akagundua kwamba watu wanalipanda gari lakini hawaendi kuoga, wanashuka njiani. Basi akaacha kuuza maji, akauza safari. Gari likaitwa "omnibus", neno la Kilatini lenye maana ya "kwa wote". Mwaka 1829 George Shillibeer akaanzisha lake London, la kuvutwa na farasi watatu. Waingereza wakaona neno refu, wakakata kichwa wakabaki na mkia, "bus". Na mkia huo peke yake kwa Kilatini hauna maana. Wote wamo kwenye kile kichwa kilichokatwa. Ni kama tungekata neno "sokoni", tukabaki na "ni", kisha tukaanza kuambiana "nimepanda ni la asubuhi".

Mzee aliyekaa jirani yangu, mwenyeji wa Burundi, aliniuliza kwa Kirundi kama "ibisi" hii inasimama Kidahwe. Wao wamelipata kwa Mbelgiji, kwa njia ya Kifaransa, ambamo u ya "bus" hutamkwa kwa midomo iliyobinywa, na ulimi wa Kirundi ukaisikia kama i. Sisi tumelipata kwa Mwingereza, ambaye u yake hapo inakaribia a. Kiti kimoja mimi na yeye, gari moja, na herufi moja katikati inayoonyesha nani alitawaliwa na nani.

Wahindi wamefikia mahali pale pale tulipo sisi: kwao "bas" ni inatosha na "bas" ni gari la abiria.

Sasa niseme kwa nini lile neno la konda pale Nguruka limenigusa hivi. Mwaka jana nilisafiri njia hii hii na kampuni nyingine. Tulijaa tangu Tabora. Urambo wakaongeza watu, Kaliua wakaongeza, na kila aliyepanda alipewa ndoo iliyofunikwa akalie katikati ya njia. Kulikuwa na bibi amekunja miguu kati ya mabegi, hata kuinuka hawezi. Nikasema, "Jamani, basi, inatosha." Konda yule akanijibu, "Mama, basi ni la wote." Kwa maana ya kale hakukosea, kwa wote ndiyo maana yake. Lakini karibu na Malagarasi tairi la nyuma lilipasuka, gari likayumba, na wale wa kwenye ndoo wakarushwa wakalundikana mlangoni. Bibi aliumia bega. Nilimshika mkono mpaka Uvinza, na kila gari lilipotikisika alinibana vidole bila kusema neno.

Kwa hiyo konda anayeweza kutamka "vimeisha, basi", huku fedha ya nauli imenyooshwa mbele yake, kwangu huyo anazidi viti vya kulala nyuma na soketi za simu. Dereva naye hakukimbia. Nilikuwa naiona spidi kutoka kiti changu, na sindano haikuvuka 80, ambayo ndiyo sheria.

Yasiyoridhisha yapo, nayasema ili wayarekebishe. La kwanza ni kuchimba dawa. Tulisimama mara moja porini kwa dakika tano, wanaume wakashuka wakajipanga, kina mama tukabaki tunatafuta kichaka. Njia hii ina stendi na ina sheli. Gari lisimame penye choo, hata kama ni cha kulipia. La pili ni sauti ya filamu. Filamu ilikuwa na mtu anayeitafsiri kwa Kiswahili kwa kupiga kelele juu ya sauti za waigizaji, toka Urambo mpaka Usinge. Niliomba ipunguzwe, ikapunguzwa, lakini haikupaswa kusubiri mtu aombe. Soketi za kuchajia simu zipo kila kiti, na ya kwangu ilikuwa imekufa.

La tatu ni mahali pa kula. Tulipewa dakika 20, na nilinunua chapati mbili na chai. Chapati zilikuwa za jana. Zilipashwa moto, ndiyo, lakini ukiikunja inakatika, na pembezoni ina ule ugumu wa kitu kilicholala. Sikukasirika sana kwa sababu nilimkumbuka mama. Alipokuwa msichana alifanya kazi kwa familia moja ya Kihindi pale Tabora mjini, watu waliozungumza Kiurdu nyumbani. Asubuhi ya kwanza mwenye nyumba akamwonyesha sahani ya chapati akasema "basi roti". Mama akaelewa chapati basi, zinatosha, akaiondoa sahani mezani akairudisha jikoni. Watu wakabaki na chai yao. Kumbe kwa Kiurdu "basi", a yake ikivutwa, ni chakula kilicholala, kiporo, na mwenye nyumba alitaka zipashwe. Mama anakisimulia kisa hicho mpaka leo, na akikuta wali wa jana chunguni huuita basi, nasi wanawe tumerithi. Baadaye nilipata kujua kwamba Waindonesia nao husema "basi" kwa chakula kilichochacha. Huko Ilocos, kaskazini mwa Ufilipino, basi ni pombe ya miwa, na mwaka 1807 watu wa huko waliwaasi Wahispania kwa kuzuiwa kujipikia wenyewe. Kwa hiyo mtu wa Ilocos ukimwambia "lete basi" atakuletea glasi.

Tulifika Kigoma saa 8 kasoro mchana. Konda alisimama mlangoni na kuwapokea wazee mkono mmoja mmoja. Karatasi yangu ya mzigo aliilinganisha na ya kwenye dumu kabla ya kunipa, ingawa alijua fika kuwa ni langu. Nikamuuliza kama yule dada wa Nguruka alipata gari. Akatoa simu, akanionyesha ujumbe: wamempandisha, amepata kiti.

Kwa watakaokata tiketi: wahini ofisi ya stendi siku moja kabla, maana nafasi hazizidishwi na viti huisha kweli. Ukitoka Tabora miezi ya Juni na Julai chagua upande wa kushoto, jua la wakati huo huwa kaskazini na litawachoma wa kulia. Desemba na Januari geuza. Beba kanga au shuka jepesi kwa ajili ya vumbi. Kiti namba 23 kiepuke mpaka watakapotengeneza dirisha lake, limeachia kwenye reli na halifungi.