"Mwambie mamako apeleke kwa skrapu"

Bado nina hasira, mnisamehe nikipandisha sauti. Kompyuta yangu ya mezani iko nyumbani Tudor, hapa Mombasa, miaka mingi. Humo naweka hesabu za madera ninayoshona, na humo wanangu wanafanya kazi za shule. Haijanisumbua zaidi ya feni kujaa vumbi. Basi ikaanza kunionya kwamba Windows 10, mfumo unaoiendesha, imefika mwisho. Ni kweli, masasisho ya bure yalisimama tarehe 14 Oktoba 2025. Nikaipakia kwenye tuktuk mpaka duka moja karibu na Barabara ya Digo.

Yule fundi hata kuifungua hakuifungua. Salamu yangu hakuijibu. Aliiwasha, akatupia skrini jicho, akamgeukia mwanangu wa miaka kumi na minne: "Mwambie mamako hii haipandi Windows 11. Apeleke kwa skrapu, nimuuzie nyengine." Mwambie mamako! Nami nimesimama pale pale, pochi mkononi, pesa ni zangu! Nilichomoa nyaya mwenyewe tukaondoka.

Haya, Windows 11 kweli haipandi. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya juzijuzi, na yangu ni kongwe. Lakini ukongwe si ubovu.

Usiku ule mwanangu akashusha Linux Mint, mfumo mwengine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, akaitia kwenye flashi. Wallahi nilifurahi. Unaijaribu kutoka kwenye flashi, cha kwako ndani hakiguswi. Tukafungua picha za harusi ya dadangu, tukaingia intaneti, printa ikatoa karatasi bila kubembelezwa. Ubuntu, ndugu yake Mint, pia tuliijaribu, ila ule mstari wa vitufe ubavuni ulinichanganya. Mint menyu yake iko chini kushoto, mkono unakwenda wenyewe. Na ni bure.

Nilikuwa tayari kuwaambia hameni nyote. Mpaka nikafungua faili langu la bei, lenye makro za Excel, yaani amri zinazofanya hesabu zenyewe ukibonyeza kitufe. LibreOffice, programu ya hesabu na maandishi iliyomo kwenye Mint, ililifungua, namba zote zipo, lakini kitufe cha kujumlisha nikibonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Bibi harusi amekaa kwenye kochi anasubiri bei ya madera kumi na mawili, nami natafuta kalamu. Kwa hivyo Windows 10 sijaifuta, tumeigawa diski: Windows upande mmoja, Mint upande mwengine.

Kisha shemeji yangu akanambia jambo lililonirudisha hasira upya: kwa kompyuta za nyumbani Microsoft waliongeza muda wa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, unajiandikisha humo humo kwenye mipangilio. Hiyo ni kazi ya fundi kujua! Angeniambia kwa dakika moja, ningebaki na Windows yangu na pengine Mint nisingeijua kabisa.

Sasa wanangu hawataki kurudi, na mimi kila usiku naliandika lile faili upya ndani ya LibreOffice, safu moja moja. Nimefika kwenye bei za lesi. Duka lile sikanyagi tena, na mwanangu nimemkataza hata kununua flashi pale.