Aron au Bourdieu: uanze na nani?

Wote wawili ni wanasosholojia wa Ufaransa: walisoma falsafa katika chuo cha École Normale Supérieure, Paris, kisha wakahamia sosholojia, yaani elimu ya jamii. Ufanano karibu unaishia hapo.

Raymond Aron, mzaliwa wa 1905, alitoka familia yenye nafasi na alisoma pamoja na mwanafalsafa Sartre. Alikuwa Ujerumani Hitler alipoingia madarakani. Ufaransa iliposhindwa 1940 alivuka hadi London, akahariri jarida la Wafaransa waliokataa kusalimu amri. Baadaye aliandikia gazeti la Le Figaro kwa miaka 30, ndiyo maana anasomeka bila jasho.

Pierre Bourdieu, wa 1930, ni mtoto wa kijijini Béarn, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtu wa posta. Sosholojia aliikuta Algeria, alikopelekwa jeshini 1955 vita vya uhuru dhidi ya Ufaransa vikipamba moto. Aliporudi Paris, ni Aron huyo huyo aliyemchukua awe msaidizi wake; ghasia za wanafunzi za 1968 zikawatenganisha.

Sentensi za Bourdieu ni ndefu, zinachosha kweli. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini shule humpendelea mtoto aliyekulia kwenye vitabu, hana mpinzani. Mimi ningeanza naye. Aron ni wa siku unayotaka siasa.