Kutazama ndege Arabuko-Sokoke: usiende bila mwongozaji wa msitu

Wageni wengi wanaolala Malindi huuziwa msitu wa Arabuko-Sokoke kama kitu cha kujazia nusu siku: wanywe chai hotelini, wapakiwe garini saa tatu, wapitishwe kwenye magofu ya Gede, wapigwe picha chini ya mti mkubwa, kisha warudi kuogelea. Kwa anayependa ndege, safari ya namna hiyo ni hasara tupu. Huduma ninayoitathmini hapa ni nyingine, ile ya waongozaji wenyeji wanaopatikana katika kituo cha msitu kilichoko karibu na Gede, kando ya barabara kuu iendayo Mombasa, na ninaipendekeza bila kusita.

Kwanza msitu wenyewe, kwa sababu yapo matangazo yanayouita msitu wa mvua, na sivyo ulivyo. Ni msitu mkavu wa pwani wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na katika Afrika Mashariki haukubaki mwingine wa aina yake unaoufikia. Ukitembea na mtu anayeujua, utaona kwamba ni misitu mitatu iliyoungana: mashariki kuna miti mchanganyiko yenye mibambakofi, katikati kuna mirihi iliyosimama kwa kuachana juu ya mchanga mweupe, na magharibi kuna kichaka kizito cha mifunda kwenye udongo mwekundu. Kila sehemu ina ndege wake, na mwongozaji mzuri hupanga njia kwa kuufuata udongo.

Tulianzia kwenye mirihi jua likiwa bado chini. Kwa muda mrefu hatukuona kitu, na mjomba wangu alikwisha kuanza kunung'unika, ndipo mwongozaji akainua mkono tusimame. Alikuwa amesikia kwa mbali ndege wa jamii ya kipwe wakiitana. Akatueleza kwamba hao mara nyingi ndio wanaoongoza makundi yanayochanganya ndege wa kila namna, hivyo ukiwasikia, usihangaike kutembea, ngoja. Tukangoja, na kweli miti ikajaa: vigong'ota kwenye magome, chozi wa Amani juu kabisa kwenye vilele, na nyuma yao kwera wa Clarke, mwenye manjano na weusi, ambaye duniani kote hapatikani nje ya Kaunti ya Kilifi. Viota vyake havikujulikana viko wapi hadi mwaka 2013, vilipoonekana Dakatcha, kaskazini-magharibi ya Malindi. Ndege wa kwetu kabisa, na watoto wengi wa Malindi wanamaliza shule bila kumsikia hata kwa jina. Jambo hili linaniuma.

Lakini kilichotupeleka hasa ni bundi mdogo wa Sokoke. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966, na mbali na pwani hii anajulikana tu kwenye miguu ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Mchana hulala ndani ya vichaka vya mifunda, na wewe peke yako ungempita hatua mbili bila kumwona. Mwongozaji aliingia kichakani peke yake kwa utaratibu, akarudi, akatuita mmoja mmoja.

"Usitazame juu, Mzee," alimnong'oneza mjomba. "Tazama usawa wa kifua chako, penye ule mti uliopinda."

Walikuwa wawili, wamebanana kwenye kijiti chembamba, mmoja wa kijivu na mwingine mwekundu kama udongo wa pale, kila mmoja akiwa na kimo kisichozidi sentimita 18. Yule wa kijivu alikuwa amefumba jicho moja, na jingine, la manjano, ameliacha wazi kidogo kama uzi. Tulipewa nafasi fupi ya kutazama, kisha tukarudishwa nyuma. Hapo ndipo nilipomheshimu zaidi kijana yule, kwani hakutumia simu kumchezea ndege sauti zilizorekodiwa. Nimeona mahali pengine waongozaji wakifanya hivyo mfululizo ili mteja apate picha, na ndege anayeitwa namna hiyo huacha kula au kupumzika akidhani ameingiliwa kwenye eneo lake.

Wakati wa kurudi, sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alikata njia mbele yetu, na tukaonyeshwa kinyesi kibichi cha ndovu. Msitu huu una ndovu, nayo ni sababu nyingine ya kutoingia peke yako.

Kasoro iliyokuwepo ilihusu usafiri. Gari tulilokodi kwa wakala mmoja wa mjini lilichelewa, na dereva hakuwa amefahamishwa kwamba kwenye shughuli hii kila dakika ya asubuhi ina thamani, maana ikishafika saa tatu joto linapanda na ndege wananyamaza. Safari nyingine ningelala Gede au Watamu, niwe langoni saa kumi na mbili. Darubini nayo ni afadhali kila mtu awe na yake, kwa sababu ya mwongozaji ni moja, na watu wanne wakiigombea, ndege haoni sababu ya kuwasubiri. Chukueni pia maji, suruali ndefu na viatu vya kufunika, kwani siafu wapo.

Mwongozaji mlipe mwenyewe, mkononi au kwa simu, mbali na kiingilio cha msitu, mkiwa mmeagana bei kabla ya kuanza. Kama bado mna nguvu alasiri, piteni Mida, hori la bahari lililo karibu na Watamu, ambako kuna njia ya mbao iliyoning'inizwa kati ya mikoko, na ada yake husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kuuzunguka msitu. Ulizeni kwanza maji yanajaa saa ngapi, kwani yanapopanda ndiyo yanayowasogeza ndege karibu na kibanda cha kutazamia.