PARI/GP na namba tasa kubwa: uzoefu wangu

Tangu nianze kutumia PARI/GP, programu ya bure ya hisabati iliyoanzia Chuo Kikuu cha Bordeaux nchini Ufaransa, nimeacha kabisa kuchunguza namba tasa kwa kikokotoo cha simu. Ukikiandikia 2^127 − 1, kikokotoo changu huonyesha tarakimu chache za mwanzo na kuziacha nyingine, ilhali katika suala la utasa tarakimu moja ikikosekana hakuna kilichobaki cha kuchunguza.

PARI/GP huitoa namba nzima, 170141183460469231731687303715884105727, na amri ya isprime hujibu papo hapo kwamba ni tasa, jambo ambalo mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas alilifikia mwaka 1876 bila mashine yoyote. Kilichonifurahisha zaidi ni kutoa moja kisha kutafuta vigawo vya kinachobaki: kila kigawo tasa kinachojitokeza ni kidogo, na kikubwa kuliko vyote ni 77158673929 tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini namba hii ni rahisi kuthibitishwa, kwani ukishavijua vigawo tasa vya N − 1 unaweza kuthibitisha utasa wa N yenyewe bila kujaribu kuigawanya kwa namba nyingine hata moja.

Sifa ninayoithamini kuliko zote ni kwamba programu hii haichanganyi dhana na uthibitisho. Amri ya ispseudoprime hupima haraka na kukwambia kwamba namba inaelekea kuwa tasa, isprime huthibitisha. Tofauti hiyo si ndogo: 561, ambayo ni 3 × 11 × 17, hufaulu jaribio la Fermat (chagua namba a, uangalie kama a^(N − 1) ikigawanywa kwa N hubaki 1) kwa kila a isiyo na kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1, ingawa si tasa. Kipimo cha ispseudoprime ni kikali zaidi, na hadi sasa haijapatikana namba isiyo tasa iliyokipita, lakini kutopatikana si uthibitisho. Kwa anayetaka hakika kamili ipo primecert, inayotoa cheti ambacho mtu mwingine anaweza kukikagua mwenyewe.

Nilijaribu pia 2^67 − 1, ambayo Marin Mersenne, mtawa na mwanahisabati Mfaransa, aliiorodhesha kuwa tasa mwaka 1644. Lucas alionyesha kwamba si tasa, ila vigawo vyake, 193707721 na 761838257287, vilitolewa na mwanahisabati Mmarekani Frank Nelson Cole mwaka 1903. Programu huvitoa mara moja, na ukigawanya chochote kati ya hivyo kwa 67 hubaki 1, kama kanuni ya vigawo vya namba za aina ya 2^p − 1, p ikiwa tasa, inavyodai.

Haina vitufe, kila kitu huandikwa kwa amri. Tena haikukusudiwa kwa namba kama 2^136279841 − 1, iliyogunduliwa mwaka 2024 ikiwa na tarakimu 41,024,320, ambayo huhitaji programu maalumu za jaribio la Lucas na Lehmer, yaani kipimo cha utasa cha namba za aina ya 2^p − 1. Kwa namba za tarakimu mia kadhaa, naipendekeza bila kusita.